Kiti Kirefu cha Mwanahawa

Jana usiku niliota, na mjinga wa ndoto nzima nilikuwa mimi. Nalisema mapema, maana Sekela akiwahi kulisema yeye, atalitia chumvi.

Mimi na Sekela tunasoma chuo cha ufundi. Tumemtengenezea kiti Mwanahawa, mtoto wa mtaa wa pili ambaye miguu na kiuno havina nguvu. Asiposhikiliwa, analala upande kama mto. Leo ndiyo siku ya kumkabidhi. Sekela alitaka kiti kifupi, cha mkekani. Nikamtania kwamba huko kwao viti bado havijafika. Nikakirefusha, nikakitia mkanda na meza yake ya kulia. Mtoto huyu amekaa chini vya kutosha, nilisema. Sasa naye aonekane.

Basi, ndotoni tuko karakana, Mwanahawa kafungwa mkanda kitini. Ukutani ipo ile amri ya mwalimu wetu: KIFAA KIMWINUE MTOTO. Kiti kinaisoma kwa sauti, kinakohoa, kinaanza kumwinua.

"Inatosha," nakiambia.

"Amri haikutaja kutosha," kinajibu, na kuendelea.

Bati la paa linajikunja kumpisha. "Pita, mwanangu," linasema, kisha linajifunga.

Natoka nje kumtazama, kumbe nje ni uani kwao. Nduguze wameketi mkekani, wamelizunguka sinia la wali wa nazi. Mama yake anapanda ngazi na kijiko kimoja cha wali, anashuka, anapanda na kingine.

"Ahsante kwa kiti, baba," ananiambia kila anaponipita. "Kizuri. Siku hizi mwanangu anapata upepo."

Kutoka mawinguni inashuka sauti: "Kaka Mashauri! Ukoko kapata nani?"

"Bado wanaugombania!"

"Na mimi nataka kugombania!"

Hapo pimamaji, kile kipimo ambacho kipovu chake kikisimama katikati ujue kitu kimelala sawa, kinatoka mfukoni mwangu na kujilaza ukingoni mwa sinia. Kipovu chake kimevaa miwani.

"Mahakama imeketi," kinasema kipovu. "Sisimami katikati mpaka vinywa vya watoto vilingane."

Mimi nani nibishane na mahakama? Naanza kupanga matofali chini ya mkeka, niwainue na nduguze.

Sinia linaguna. "Mjomba, unapandisha ua mzima kwa ajili ya kiti kimoja?"

"Sasa nifanyeje?"

"Mtoto ulimwuliza?"

"Nilimpima."

"Sikukuuliza hilo."

Nachukua msumeno. "Kata tu," kiti kinaninong'oneza. "Huku juu nilishaanza kuona kizunguzungu."

Nakata. Mwanahawa anateremka taratibu, anapita ndege, anapita kamba ya nguo, anatua mkekani na mgongo wake umenyooka. Kipovu kinasimama katikati, kinavua miwani. Mwanahawa ananyoosha mkono, anamnyang'anya kaka yake ukoko. Kaka analia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile. Mama yao ananifinyangia tonge, ananilisha kwa mkono wake.

Nikaamka. Mimi dunia imezoea kunifunza kwa makofi, tena mbele za watu. Mara hii ilinifunza nimelala, shuka kichwani, bila mtu kunicheka. Nilishukuru, nikashukuru tena, nikavaa koti la kazi, mbio hadi karakana.

Sekela alikuwa anakipaka kiti rangi.

"Weka brashi," nikamwambia. "Tunakikata miguu."

"Juzi niliposema mimi, nikawa mshamba."

"Juzi hatukuwa na ushahidi." Nikamsimulia yote, nikachomoa pimamaji mfukoni. Ukingoni imeganda punje ya wali. Sekela akainusa: nazi. Na bwenini kwetu juma zima ni ugali.

"Unaona?" nikamwambia. "Nani angejua kwamba mtoto anataka kukaa na wenzake?"

Sekela akanikabidhi msumeno.

"Mimi niliambiwa na mtoto mwenyewe, Mashauri. Wewe umengoja mpaka uambiwe na wali."