Begi la Kocha Vado

Mimi nimepangisha vyumba hapa Rusimbi, Kigoma, miaka mingi, na wapangaji nimewaona wa kila namna. Wanaokoroma, wanaolewa, mpaka aliyefuga kuku chumbani akadhani sisikii. Lakini hakuna aliyenipandisha presha kama yule Mbrazili na begi lake.

Begi lenyewe jeusi, kubwa, la magurudumu, limesimama nyuma ya mlango usiku na mchana. Nilimpa kabati la mninga, la marehemu mume wangu, hakuligusa. Asubuhi anafungua zipu, anatoa shati, anafunga zipu. Jioni shati limefuliwa, limekauka, anakunja, linarudi begini. Nikamuuliza, "Kocha, kabati langu lina kunguni?"

Akacheka. "Apana, Mama. Ni mazoea tu."

Mazoea gani hayo! Mtu ambaye begi lake limefungwa muda wote ni mtu yuko safarini, na mimi sikukaribisha msafiri.

Siku moja nimetoka sokoni na kikapu cha dagaa, mikono imechoka, nikakitua juu ya lile begi. Hee! Mzee mzima aliruka utadhani nimemwekea nyoka. "Mama, toa! Harufu ya dagaa haitoki! Mama yangu aliuza samaki, mi najua. Begi ikinuka hivi, nani atanipandisha ndege?" Nikakitoa, lakini nilimjibu: "Ndege ya kwenda wapi? Umekuja juzi!"

Jina lake Genivaldo, na mtaani kwetu nani angeliweza hilo? Tukamwita Vado. Alizaliwa kwenye mji wa bandari ya mto huko kwao, akarefuka, akawa mshambuliaji wa kati, fundi wa kufunga kwa kichwa. Mpira ukampeleka Ureno, ambako anasema alifunga magoli mengi ili akimbie kushangilia apate joto. Ukampeleka Luanda, ukamleta Lubumbashi, na huko goti likasema basi. Kiswahili alijifunza hukohuko, kile cha Kongo, ambacho akikisema watoto wa mtaa wanashika mbavu. Goti lilipomstaafisha akawa kocha. Kwenye simu yake kuna picha ya kijana mwembamba, mdomo wazi, mikono juu, uwanja mzima umesimama nyuma yake. Kila mgeni wangu lazima aonyeshwe.

Athumani, mwenyekiti wa timu yetu ya Karabai, ndiye aliyemwokota Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kwenye safari zake za vitenge. Mtu amekaa bandarini hana timu, anasubiri chombo cha kwenda popote. Akampa msimu mmoja. Na Vado mwenyewe alinieleza siku ya kwanza tu, tukila migebuka barazani: "Mama, hii ni timu ya mwisho. Ikinishinda na hii, narudi kwa dada yangu kuuza vipuri vya pikipiki. Mpira basi." Alisema akitazama sahani, nikamwonea huruma, nikamwongezea kipande.

Sasa, aliwasili katikati ya mbalamwezi. Timu nzima ilikuwapo. Bariki nahodha, Elikana yule mwenye mashuti, mawinga, akiba, wote. Vado alirudi mazoezini anaimba. Aliwajua kila mmoja kwa namba yake na mguu wake. "Elikana, Mama! Anaruka kama mimi!" Na vijana nao walimpenda, maana hakuwa mtu wa matusi. Akitaka kuonyesha kitu anaonyesha mwenyewe, na goti lake lile bovu, anaruka, anapiga kichwa, anatua anachechemea, uwanja unapiga makofi. Aliwauliza wanacheza wapi. Hakuwauliza wanakula nini.

Mwezi ukapungua, giza likaingia. Basi timu ikabaki na kipa Gervasi, ambaye ni kinyozi, na watoto wawili wa shule.

Nyinyi wa hapa mmeshaelewa. Dagaa wanafuata taa, na taa haina kazi penye mwezi. Mbalamwezi mvuvi anapumzika, anaoa, anacheza mpira. Giza likiingia anahamia Kibirizi, mwaloni wanakotua wavuvi, usiku ziwani, mchana anashona nyavu na kusinzia. Nani atamwambia mtu jambo hilo? Ni sawa na kumwambia mtu kwamba maji yanalowesha. Athumani alidhani mimi nimemwambia. Mimi nilijua Athumani amemwambia, na kama si yeye, nani? Mimi si mwenyekiti!

Vado siku ya kwanza ya giza aliuliza, "Batoto beko wapi?" Gervasi akamjibu huku akivaa glavu, "Watarudi tu, Kocha, usihofu." Siku ya pili hivyohivyo. Jioni alikaa barazani kwangu, akaona taa zimejipanga kule ziwani, akaniuliza ule ni mji gani. Nikacheka mpaka machozi, nikamwambia ni wavuvi hao. Akaitikia kwa kichwa. Hakula vizuri, nami nikadhani ni tumbo.

Asubuhi ya siku iliyofuata nilikuwa nakaanga vitumbua, jirani yangu Fatu akanipigia kelele kutoka uani kwake: "Mama Abdu! Mbrazili wako kapanda bodaboda na begi! Kaelekea bandarini!"

Nikaenda chumbani kwake mbio. Kitanda kimetandikwa, ufunguo juu ya mto, nyuma ya mlango hakuna kitu. Wallahi nilihisi kama nimefiwa. Halafu hasira zikanipanda. Sikuvua hata kanga ya jikoni. Nikasimamisha bajaji, nikamwambia dereva, "Kigoma bandarini, na usinisimamie njiani kupakia mtu!"

Nilimkuta amekaa juu ya begi, kando ya mifuko ya saruji. Chombo cha Kalemie bado kinapakia, na chombo cha Kalemie kikisema asubuhi, maana yake alasiri. Mungu ana njia zake.

"Wewe!" nikamwambia. "Kwenu watu wanaondoka hivi? Hata kwaheri?"

Akasimama. Macho yake mekundu. "Mama, nisamehe. Wamenikataa."

"Nani kakukataa?"

"Batoto. Hawakuja jana, hawakuja juzi. Mi najua hii kitu, Mama."

Ndipo akanieleza. Baada ya Lubumbashi alifundisha kwenye mji mmoja wa machimbo. Asubuhi moja alifika uwanjani na mipira yake, hakuja mchezaji hata mmoja. Akangoja mpaka jua la utosi. Mtunza uwanja akawa anampoza: watarudi tu, Kocha, usihofu. Kumbe walikuwa wamekaa mahali pamoja, wamekubaliana hawamtaki, na viongozi wanajua, na mji mzima unajua. Yeye peke yake ndiye alikuwa amesimama pale na mipira. Tangu siku hiyo akaapa hatafukuzwa tena. Akiona dalili, anaondoka mwenyewe, na begi anakaa nalo tayari. Ameshaondoka hivyo timu mbili. "Na pengine hawakuwa wananifukuza," akasema. "Sijui. Sikungoja."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, hilo nalielewa. Lakini mficha uchi hazai, na kuuliza si ujinga! Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumzaba kofi, nikashindwa kuchagua, nikashika begi. Akalishika upande wa pili. Wapakizi wakaacha saruji yao kututazama.

"Mama, niachie."

"Sikuachii. Chombo chako hakijajaa. Twende mahali, tukirudi ukitaka kupanda upande, nitakupungia mkono."

Tukaingia kwenye bajaji ileile, begi katikati yetu, hadi Kibirizi.

Mwaloni dagaa wameanikwa mchangani mpaka pwani yote imekuwa fedha. Chini ya turubai, vijana wamelala juu ya nyavu, wengine wanaziba matundu. Vado alisimama ghafla. Aliona mguu wa Elikana kwanza. Huo aliujua.

"Kocha!" Bariki akaruka juu, na wote wakaamka, wanajifuta macho, magamba mikononi. "Shikamoo, Kocha! Shikamoo, Mama Abdu!" Wakawa wanatazama mchanga.

Nikasema, "Haya, mwambieni mnafanya nini hapa. Mzungu wa watu anafikiri mmemgomea."

"Kumgomea?" Elikana akanishangaa. "Si giza hili, Mama? Kwani Kocha hakuambiwa?"

Nikatazama ziwani. Athumani atanitambua, nikasema moyoni.

Bariki akasogea, ana aibu kama bwana harusi. "Kocha, sisi ndio tulidhani umetukasirikia. Kocha aliyekuwapo kabla yako, giza likiingia, alikuwa anakuja hapa asubuhi kutusalimia na kuchukua kitoweo chake. Wewe siku ya kwanza hukuja. Ya pili hukuja. Tukasema, labda ametudharau kwa kuwa tunanuka samaki."

"Kitoweo gani?" Vado akauliza.

Yunisi, mama yake Elikana, alikuwa ameinama anageuza dagaa. Akanyoosha kidole. Pembeni, mahali pasafi, palikuwa na dagaa wameanikwa peke yao, wamezungushiwa mawe madogo madogo. Wa siku zote zile, wamekauka vizuri, hakuna hata mchanga. "Hao ni wako," Yunisi akamwambia. "Kila wakitua, vijana wanakutolea kwanza wewe, ndipo tunapima. Nimefukuza kunguru na watoto hapo mpaka koo limekauka. Wachukue, baba, nipumzike."

Mbrazili akachuchumaa mbele ya yale mawe. Alikaa hapo, mtu mzima, mkono usoni, mabega yanatikisika. Vijana wakajifanya wanaangalia nyavu. Mimi nililia waziwazi, sina haya.

Alipoinuka akasema, "Nitabebea nini?"

Yunisi akaanza kutafuta kiroba. Lakini Vado alikwisha kulilaza begi mchangani, amefungua zipu yote. Akatoa mashati, suruali, viatu vya mpira, akanitupia mimi mikononi kimoja kimoja mpaka nikawa sioni mbele. Kisha akaanza kuchota dagaa kwa viganja viwili na kuwamimina ndani.

"Ala! Kocha!" nikapiga kelele. "Umerukwa na akili? Begi hilo halitasafiri tena! Hata ukilifua kwa mwaka mzima!"

"Mi najua, Mama," akasema, akaendelea kuchota.

Alipomaliza akafunga zipu, akawaambia vijana kesho alfajiri wakitua watamkuta hapahapa mchangani na mipira, wakimbie kidogo tu, kisha walale. Elikana akasema, "Kocha, tutakuwa tunanuka." Akamjibu kwamba hata begi lake linanuka.

Nguo zake nilizifunga kwenye kanga yangu, nikazibeba kichwani hadi kwenye bajaji. Tulipofika Rusimbi nilifungua kabati la marehemu, nikazitundika shati moja baada ya jingine, naye amesimama mlangoni ananipa hanga.