Blanketi la Ndinda

Alhamisi moja ya Oktoba, mwaka wa 1986, wanawake wa ushirika wa Makindu walijazana kwenye veranda ya Syombua, fundi wa nguo, wakishona blanketi la viraka. Nyumba ile haikujua kukaa bila watu. Hata aliyeleta pindo la sketi aliondoka na chai tumboni na habari za wenzake mdomoni. Siku hiyo mwalimu alikuwa Bilha, mke wa mwenye duka, aliyetoka Nyeri na mtindo wa kushonea juu ya karatasi.

"Mistari juu, kitambaa chini," alisema. "Weka cha kwanza, cha pili uso kwa uso, shona juu ya mstari, kunjua, weka cha tatu. Mwisho chana karatasi. Hata kiraka kikaidi kitanyooka."

Karatasi alizinunua kwa muuza nyama: makaratasi yaliyotupwa na ofisi ya chifu, yameandikwa upande mmoja. Mistari aliichora upande mtupu.

Syombua akakanyaga cherehani. Sindano ilipotoboa karatasi, kofi likalia. Likalia la pili, kisha mwanamke akasema, "Nisamehe, baba watoto." Syombua aliposimamisha gurudumu, makofi nayo yakasimama. Akageuza karatasi akasoma. Yalikuwa malalamiko ya Mbula kwa chifu, na Mbula mwenyewe alikuwa ameketi pale pale akikata viraka.

"Ni ya Pasaka hiyo," Mbula alisema, akikata uzi kwa meno. "Ngoja ufike kona, kuna teke."

Kwenye kona kulikuwa na teke.

Wakaendelea kushona. Kufikia chai ya saa kumi walikuwa wakiwatambua waume za watu kwa mlio. "Huyu anapiga kama anayepura ndengu," mmoja alisema, wakacheka, wakaongeza sukari.

Ndinda hakucheka, maana taya lilikuwa limefungwa kitambaa. Alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Syombua, na ilikuwa wiki ya tatu tangu amtoroke mumewe, Mwangangi, mzee wa kanisa. Mwangangi alikuwa ameshaleta mbuzi wa kuomba radhi, wazee wa ukoo wakamla mpaka mifupa. Jumapili kanisa lingemrudisha Ndinda kwa mumewe mbele ya watu, na blanketi lilikuwa zawadi ya upatanisho. Syombua alipinga kila mahali alipopata mtu wa kumsikiliza, lakini maneno yake hayakuwa na mafuta kama ya yule mbuzi.

Halafu zikatokea karatasi za Ndinda, tatu. Syombua akazishona katikati ya blanketi, mshono mfupi mfupi, akiwa amekaza meno.

"Kanisa likisikia kwa masikio yake, hakuna atakayekurudisha," alisema.

"Mwaitu, mama yangu, na wakisikia wanyamaze?"

"Watu si mawe."

Walipochana karatasi, sauti zilibaki ndani ya mishono. Kila mara blanketi lilipokunjuliwa, zilitoka moja baada ya nyingine, kuanzia za katikati, kwa mpangilio wa mishono.

Jumapili likakunjuliwa mbele ya mimbari. Mkanda ulisikika, kisha mchi, kisha taya likavunjika kama kuni kavu, na Ndinda akamwita mama yake aliyekufa zamani. Waumini walisikiliza hadi mwisho, kama wanavyosikiliza matangazo. Mchungaji akamuuliza Mwangangi kama ana neno.

"Ya mkanda ni ya Februari," Mwangangi alisema, kofia mkononi. "Februari nilitubu. Mchi ni wa Juni, na Juni nilitubu, karani aangalie. Hiyo ya taya ndiyo ya mbuzi."

Karani akafungua daftari. Ikawa kweli.

"Kumbe yote yameshaombewa," mchungaji alisema. Pambio likaimbwa. Ndinda akavikwa blanketi mabegani, akaenda nalo. Wanawake wa kiti cha mbele wakasifu jinsi mishono ilivyonyooka.

Wiki ya kwanza majirani waliposikia vilio walitoka mbio. Mwangangi akasimama mlangoni. "Ni blanketi, jamani. Mnataka nitupe zawadi ya kanisa?" Wakarudi kwao. Wiki ya pili hawakutoka.

Jumamosi moja ya Novemba, mchana, Syombua alimpelekea Ndinda unga. Nje ya boma alimkuta Mutiso, jirani, ameketi kwenye kigoda na watu kadhaa wakipiga soga. Ndani ya nyumba Ndinda alikuwa akilia.

"Fundi, karibu," Mutiso alisema. "Kazi yako leo inaimba."

Syombua akatega sikio. Kila mshono aliushona yeye. Baada ya mkanda hufuata mchi. Lakini alichosikia ni kitu kilichokata, kikachomolewa, kikakata tena.

"Hilo ni panga," alisema. "Mimi sikushona panga."

"Basi limejifunza."

Syombua akatazama uani. Blanketi lilikuwa limeanikwa kwenye kamba, limetulia, halitoi hata mnong'ono.

"Mutiso, si blanketi lile pale?"

Mutiso akaligeukia, akalitazama kwa makini. "Eeh," alisema. "Lina sauti ya kufika mbali."

Syombua akaangusha unga, akaupiga mlango kwa bega, akaingia peke yake. Ndinda alikuwa chini kando ya meko, kiganja cha kushoto kikining'inia kwa ngozi. Panga lilimfikia Syombua mkononi mpaka mfupa. Kwa mkono mzima akainua sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe yakitokota, akaimwaga yote kifuani mwa Mwangangi. Mwangangi akaanguka kwa magoti. Syombua akamburuta Ndinda nje, angali anapumua, damu ikichora mstari nyuma yao.

"Poleni sana," Mutiso alisema. "Siku hizi linatoa mpaka damu." Akasogeza kigoda ili wapite.

Wakapita, wakashika njia ya zahanati. Hakuna aliyewafuata.

Manyunyu yakaanza. Mwangangi akatoka, ngozi ya kifua imevimba malengelenge, akaegemeza panga ukutani, akaenda kuanua. Alipovuta ncha moja, blanketi likakunjuka na mkanda wa Februari ukaanza kulia. Mutiso akainuka, akashika upande wa pili, maana blanketi kubwa namna ile halikunjwi na mtu mmoja.