Bwana Shamba Apewa Bendera

Egidi alikuwa bwana shamba wa chama cha ushirika kwa miaka kumi na minane, na hapakuwa na korongo kati ya Litembo na ziwani ambalo hakuwahi kulivuka kwa pikipiki ya ofisi. Kisha biashara ya kahawa ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, ushirika ukalegea, naye akapunguzwa kazini. Pikipiki ikarudishwa. Tangu hapo mkewe, Flavia, aliishi na mtu anayeshinda barazani akisikiliza pikipiki za wenzake na kuwataja wenyewe kwa majina kabla hawajatokeza.

Kwa hiyo kampuni mpya ya kahawa ilipotangaza mbio za pikipiki za porini kule Mbamba Bay, nyumba nzima ilifufuka. Meneja, Bwana Leopold, alikuja mwenyewe kumwomba Egidi awachagulie njia, akamwahidi na pikipiki ya kushindania. Egidi alikaa ziwani siku tatu, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope, amechangamka kama bwana harusi. Wakati wa kula alimweleza mkewe njia yote: vilima, mchanga, na kijito chenye daraja la magogo.

"Gogo la kushoto limeliwa na mchwa," alisema. "Kwa juu ukiliangalia zima, ndani unga mtupu. Itabidi walibadilishe."

"Umewaambia?"

"Nitawaambia siku yenyewe, Mama Kalista. Si nitakuwepo?"

Jumamosi walipanda lori la kampuni pamoja na majirani. Mabinti wao wawili, Kalista na Edina, walivaa magauni ya Pasaka. Egidi alivaa mabuti yake ya kazi, ameyapiga rangi mpaka yanang'aa. Njia nzima Kalista aliwaambia watu, "Leo baba anashindana."

Ufukweni watu walikuwa wamejaa kuanzia kwenye mitumbwi hadi miguuni mwa vilima, wengine wakila samaki wa kukaanga huku wamesimama. Bwana Leopold alimpokea Egidi kwa mikono miwili, kisha akamkabidhi bendera nyekundu.

"Mzee wangu, wewe utatusimamia pale darajani. Ile pikipiki nimempa Dunstan, karani wetu wa Songea. Mambo haya ya vijana, unajua tena."

Egidi aliitazama bendera. "Haya," alisema.

"Baba, kwani hupandi?" Kalista aliuliza.

Wakaenda darajani wote wanne. Kabla ya mbio kuanza, Dunstan alikuja taratibu kukagua njia. Alizima injini, akavua kofia ngumu. Uso wake ulikuwa wa kitoto bado.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Hili daraja vipi, linapitika?"

Flavia alimgeukia mumewe. Egidi alikuwa akiviringisha bendera kwenye fimbo yake.

"Mimi nimelipita miaka kumi na minane," alisema.

"Basi sina wasiwasi." Dunstan akacheka, akawasha, akapita upande wa kulia na kwenda zake.

Flavia angeweza kusema. Kijana alikuwa hajafika mbali, angemwita angesikia. Lakini ampinge mumewe mbele za watu, siku hiyohiyo aliyoaibishwa? Na si hilo tu. Kumwona yule kijana ameketi juu ya pikipiki iliyokuwa iwe ya mumewe kulimchoma moyo, akamwonea kijicho. Akanyamaza.

Mzunguko wa kwanza wote walipita salama, mmoja mmoja, upande wa kulia. Mzunguko wa pili pikipiki mbili zilifika pamoja. Dunstan, akitaka kumpita mwenzake, alichukua kushoto. Gogo lilikatika kwa mlio mdogo tu. Pikipiki ikatumbukia kijitoni, yeye akiwa chini yake.

Egidi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia majini. Alimtoa, akamlaza ukingoni, akakata fimbo mbili za kuufungia mguu uliovunjika.

"Nipe kanga yako," alimwambia mkewe bila kumtazama. Flavia akaifungua kiunoni, akampa.

Watu waliusifu utulivu wake. Gari la kampuni lilipoondoka kumkimbiza majeruhi hospitali, Bwana Leopold, jasho likimtiririka, alimshika Egidi bega. "Mzee, umetuokoa. Jumatatu njoo ofisini. Mtu kama wewe siwezi kumwacha."

Wakirudi na lori, Egidi aliwanunulia watoto samaki kwa wachuuzi wa njiani, akawasimulia majirani jinsi alivyoruka majini. Flavia alingoja mpaka waliposhuka na mabinti wakatangulia.

"Ulijua," alisema.

"Na wewe ulijua," Egidi alijibu bila hasira. "Ulimwambia nani?"

Flavia akaongeza mwendo, akawafuata mabinti.

Egidi alipata kazi. Baada ya mwezi alipewa pikipiki ileile, imenyooshwa na kupigwa rangi upya. Mguu wa Dunstan haukunyooka. Aliambiwa atatembea na mkongojo maisha yake yote. Flavia alimpelekea uji hospitalini, akamkuta ameketi kitandani, ile kanga aliyofungiwa mguu imefuliwa na kukunjwa pembeni.

"Mama, nimesikia mzee amepata kazi," Dunstan alisema. "Nimefurahi kweli. Nisalimie sana. Mwambie wema wake sitausahau."

"Nitamwambia," Flavia alisema, akainamia chupa ya uji, akammiminia mpaka kikombe kikafurika.

Siku iliyofuata alimtuma Kalista apeleke uji.