Boneti ya Moto

Haya yote ni kweli, tena kweli ya kuapiwa. Nikiongeza hata nukta moja, meno yangu manne yaliyobaki yaondoke leo yaniache na uji. Mtaani wanasema nina mdomo wa kupamba mambo. Waseme. Hili halina pambo.

Binti yangu wa pili ni mkunga. Baada ya kuhangaika na vibarua vya zamu, alipata ajira ya kudumu katika zahanati iliyo ng'ambo ya vilima, mwendo wa saa nzima. Zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na basi la kwanza hupita saa moja. Barua ilisema wazi: aanze Jumatatu, usafiri ni juu yake, na katika miezi mitatu ya majaribio akichelewa mara mbili, nafasi anapewa mwingine. Kwa hiyo alihitaji gari. Si la fahari, la kuwaka alfajiri tu. Na pesa aliyokuwa nayo, alivyosema mama yake, ilitosha milango mitatu na usukani.

"Usijali," nikamwambia. "Baba yako kakaa karakana ya magari miaka thelathini na moja."

Ni kweli nilikaa. Kwamba nilikaa dirishani nikigawa funguo na kuandika nani katoka na gari lipi, hilo hakuna aliyeniuliza.

Wiki nzima tukazunguka. Jamani, tuliyaona! La kwanza lilikuwa jeupe, linang'aa kama jino la dhahabu. Nikaligonga ubavuni, kidole kikazama hadi kwenye pete. Bati lilikwisha kuliwa na kutu, kilichobaki ni lipu na rangi. La pili, binti yangu alipouvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, ukatoka na tope kavu. Dalali akaapa kwamba gari lile halijawahi kunyeshewa.

"Halikunyeshewa," binti yangu akamjibu. "Lilizama."

Mimi nasema kwenye buti nilikuta samaki. Mdogo, lakini samaki.

La tatu, mwenyewe alipandisha bei tukiwa tumeshapeana mikono. La nne, kadi ilikuwa na jina la marehemu, na warithi wake watano walikuwa hawasalimiani. Alhamisi jioni binti yangu aliketi kwenye ukingo wa barabara, akavua viatu.

"Baba, miaka mitatu nimejinyima. Nguo sinunui, simu yangu imepasuka kioo naisoma kwa kubahatisha. Kumbe nilikuwa naweka akiba ya kununua takataka."

Nikaviokota viatu vyake, nikavikung'uta vumbi.

Ijumaa kinyozi mmoja akapiga simu. Anauza gari lake dogo la bluu, na bei ilikuwa ndani ya uwezo wetu. Lakini Jumamosi binti yangu alikuwa na zamu yake ya mwisho ya kibarua, kutwa nzima. Akanikabidhi pesa, akanishika mkono.

"Nenda na fundi wetu wa mtaani, Baba. Fikeni asubuhi, bila kumwambia kinyozi saa ya kufika, mlikute gari likiwa baridi. Fundi akisema ndiyo, lipa. Akisema hapana, rudi na pesa."

"Wewe ndiye wa kunifundisha magari?"

"Baridi, Baba. Umesikia?"

Nilisikia. Jumamosi nikampitia fundi, tukaenda. Fundi alilala chini ya gari lile mpaka nikadhani kasinzia. Akaigonga injini kwa kijiko cha chai, akasikiliza kama daktari wa mapafu. Kisha akanyanyuka, akajifuta mikono, akasema, "Mzee, injini hii itatuzika sote." Nikalipa. Nikarudi nalo nikipiga honi kila kona, nikalizungusha mtaani mpaka jioni. Binti yangu aliporudi jioni akaliwasha, likaitika mara moja, akanikumbatia. Jumapili hakuligusa, alikuwa akiokoa mafuta na kupiga pasi sare yake.

Jumatatu saa kumi alfajiri akaingia garini, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa. Akazungusha tena, likakohoa kidogo zaidi. Mara ya tano likatema moshi wa bluu, likanyamaza kabisa. Mimi na majirani wawili tukalisukuma hadi kona na kurudi, nguo za kulalia zimelowa jasho. Wapi! Mwishowe alipanda pikipiki ya kukodi na sare yake nyeupe. Alifika zahanati amechelewa dakika ishirini na tano, wakamwandika.

Alasiri akarudi na fundi. Fundi akafungua boneti, akachokonoa, akatikisa kichwa.

"Ringi za pistoni zimekwisha. Injini ikiwa ya moto inajikokota, ikiwa baridi haina pumzi. Nani alilikagua hili?"

"Si wewe?" binti yangu akamuuliza. "Jumamosi, na Baba."

"Mimi? Jumamosi nilikuwa kijijini namwoza dada yangu. Simu nilizima tangu asubuhi."

Mke wangu akatoka mlangoni, mwiko mkononi. "Baba watoto, basi aliyelala chini ya gari ni nani?"

"Labda pacha wake," nikasema.

"Nilizaliwa peke yangu, mzee," fundi akajibu.

Binti yangu hakuniangalia. Alimpigia kinyozi, akaweka sauti kubwa ili tusikie sote. Kinyozi wala hakusitasita: "Dada, mimi sina kosa. Mzee wako alinipigia mwenyewe, kasema yuko njiani, nilipashe gari moto asije akapoteza muda. Alipofika akaishika boneti, akasema, 'Hili lina damu.' Akalipa."

Haya basi. Fundi hakuwepo, na kijiko hakikuwepo. Nilimpigia fundi mara mbili, hakupatikana. Miguu ilikuwa imevimba kwa wiki nzima ya kutafuta, na niliona aibu kurudi nyumbani kusema nimeshindwa kulitazama gari peke yangu, mtu wa karakana.

Nilitegemea atapiga kelele. Kelele naziweza.

"Nikichelewa mara moja tena nafasi imekwenda, Baba," akasema taratibu. "Mara moja tu, mpaka miezi mitatu iishe."

Fundi akataja bei ya ringi na ya kazi, akasema gari litakaa kwake wiki mbili. Mke wangu akataja nauli ya pikipiki, kwenda na kurudi, siku zote za wiki mbili. Nani alipe? Walinitazama tu, wote watatu.

Nikaingia chumbani, nikachukua pesa niliyokuwa nikidunduliza kwa ajili ya mabati ya baraza, na pensheni ya mwezi ule juu yake. Nikamhesabia binti yangu nauli kwanza. Kisha nikamhesabia fundi, noti kwa noti, kwa sauti. Akazipokea, akalowesha kidole, akazihesabu upya.