Maji Mafu Yana Wenyewe

Usingizi unamchukua Mwanakheri kitini, ndani ya maabara ya meli, punde tu baada ya kumkubalia Nahodha Hatibu kwamba asubuhi waipandishe kamba ya vipimajoto na safari iishe. Ametafuta mawimbi yanayopita chini kwa chini, mbali na uso wa bahari, yanayojulikana kwa joto la maji kupanda na kushuka, hajaona hata moja, na sasa ni maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana. Basi anazama, na kuzama kwenyewe ni kushuka ngazi, na ngazi ni barabara, na barabara inapanda mlima ulio sakafuni mwa bahari, anashuka huku anapanda, wala halowi. Kileleni amesimama mama asiye na uso, kanga kajifunga kiunoni. Shikamoo. Marahaba mgeni, umekuja mazikoni? Kwani nani kafa? Si ninyi mnaosema maji mafu? Kaburi lake liko wapi, tukasome dua? Mama anacheka mpaka mlima unatikisika, Mwanakheri naye anacheka, hajui anachekea nini. Tazama, mama anasema, bahari ikijaa na kupwa, maji mazito ya chini yanasukumwa mlimani, yanapanda shingo upande, yanaporomoka, na huko kuporomoka ndiko kunakozaa wimbi. Mbona leo silioni? Lilizaliwa siku za bamvua, bahari ilipojaa na kupwa mno, kwenye mlima wa mbali, na mwendo wake ni wa bibi harusi. Hilo linakuja, refu kuliko mtaa, linamzoa Mwanakheri, linagonga mlima, linatawanyika vijiwimbi vinavyokimbia huku na huku, naye kati yao anapiga vigelegele, moyo umemjaa furaha.

Bi Mwanakheri, amka, winchi ya kuvutia kamba tayari. Ni nahodha, mlangoni. Usiiguse! Nahodha anachungulia nje, bahari shwari kabisa. Unangoja nini na maji mafu haya? Wimbi la bamvua, limechelewa njiani. Kwenye skrini mstari wa kipimajoto cha juu unaanza kupanda, taratibu, kisha wa chini yake, kisha wa chini yake tena. Kiti bado kinambembeza. Nahodha, hivi mimi nimeamka? Hata sijui, mwanangu, anajibu nahodha akivuta kiti karibu, lakini mistari naiona. Anainua redio, anawaambia wa winchi wakanywe chai.