Safu Mbili za Mama Phiona

Mke wangu Stellah hana jambo dogo. Ukimwalika chai anakuja na sufuria la pilau, na ukimwambia una mafua ataitisha maombi. Kwa hiyo binti yetu Phiona aliposema daktari amemruhusu kuimba tena, na kwamba ataimba katika ukumbi mdogo pale karibu na Odenplan, katikati ya Stockholm, mama mtu alikata tiketi za safu mbili nzima za mbele, akaagiza vitenge vya sare, akaanza kupiga simu. Okech wa Fittja, Mama Kamila wa Jakobsberg, Évariste na wanakwaya wake wa Södertälje. Wote wakasema wanakuja.

Usidhani ni mbwembwe tu. Phiona ni mwimbaji wa opera, tena si wa kubahatisha. Amesomea sauti miaka mingi hapa Stockholm, akaimba Ujerumani, akaimba Denmark, na mabango yenye uso wake tumeyaona wenyewe. Kisha majira ya baridi yaliyopita wakamkuta na uvimbe kwenye tezi ya shingo. Daktari alikuwa mkweli: kisu kitapita karibu sana na mshipa unaoendesha sauti. Uvimbe ulitoka salama, haukuwa wa hatari. Lakini alipozinduka alikuwa anaongea kama mtu anayenong'ona kanisani, na akaendelea hivyo mpaka theluji ikayeyuka. Mtoto wangu mimi, ambaye zamani akiniita kutoka jikoni, majirani wa ghorofa ya juu walikuwa wanaitika.

Taratibu sauti ya kuongea ikarudi. Ya kuimba hatukuisikia. Alifanya mazoezi nyumbani kwake, mlango umefungwa, na mama yake akiuliza hali anajibiwa kwa Kiswidi, "Det går bra, mamma," yaani mambo yanakwenda. Mtoto akikujibu kwa Kiswidi ujue hataki maswali zaidi.

Siku moja kabla ya onyesho, Stellah akapika matoke na mchuzi wa karanga kama wanavyopika kwao Bukoba, akafunga safari hadi ukumbini kumpelekea binti yake chakula cha mchana. Hakuwa amealikwa. Kwa miaka yote hiyo tumehudhuria maonyesho, lakini mazoezini hatujawahi kukanyaga. Mimi nilikuwa kazini, naendesha basi langu. Niliporudi nikakuta chakula mezani, bado kimefungwa. Nikauliza mbona kimerudi.

"Kula tu, Baba Phiona," akasema.

Nikala. Niliona ni bahati yangu, na nikaongeza.

Kesho yake jioni tukavaa sare zetu tukapanda treni. Ukumbi ulianza kujaa Waswidi, wanavyokuja wao, kimya kimya, makoti wameshayaacha mlangoni. Safu zetu mbili zikabaki na sisi wawili. Nikaangalia saa, nikaangalia mlango. Okech hakosi sherehe, hata ya mtu asiyemjua, leo amepatwa na nini? Nikatoka nje nikampigia.

"Mzee Erisa," akasema, "si Mama Phiona alitupigia jana akasema limeahirishwa? Mimi nimeshavua hadi soksi."

Nilirudi ndani nimefura. Nikamwinamia mke wangu sikioni nikamuuliza kama amerukwa na akili. Hakunitazama. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake mapajani.

"Sauti imekufa," akasema polepole. "Jana nimeisikia kwa masikio yangu. Anaimba chini chini, na akifika pale juu hapandi, anapitisha tu, kama mtu anayesoma tangazo. Yule wa piano anaendelea kupiga, hasemi kitu, anamwonea huruma. Mtoto anajidanganya, Baba Phiona. Hawa Waswidi hawatujui, watakwenda zao. Lakini watu wetu tunakutana nao kila Jumapili. Sikutaka wamwone akiaibika."

Hasira zote zikaniishia. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuniambia, lakini taa zikapunguzwa, na Phiona akatoka.

Alikuwa amevaa gauni la kijani lenye shingo wazi. Kovu lilionekana, hakuwa amelifunika. Akainama, akainua uso, akaziona zile safu mbili. Namjua mwanangu. Macho yake yalipita kiti kwa kiti, yakafika kwetu, yakasimama kwa mama yake. Stellah akaushika mkono wangu akaubana mpaka pete ikaniumiza. Nikaanza kuomba, na wala sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema, Mungu wangu, mpe hata nusu.

Piano ikaanza. Phiona akafungua mdomo.

Sijui nieleze vipi. Haikuwa sauti ile ya zamani. Ile ilikuwa inang'aa zaidi. Hii ilikuwa nzito kidogo, imekomaa, lakini ilikuwa nzima. Ilijaa ukumbi mpaka nikaihisi kwenye ubao wa kiti nilichokalia. Pale juu, pale tulipokuwa tunapaogopa, alipanda, akakaa, akashuka alipotaka mwenyewe. Nikamgeukia mke wangu. Mdomo ulikuwa wazi na machozi yanamtiririka hadi kwenye kitenge, wala hayafuti.

Waswidi walipiga makofi mpaka wakasimama. Baadaye tukamfuata kwenye chumba cha nyuma. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, maua mkononi. Stellah akajitupa kwenye kiti cha karibu. Phiona hakusubiri pongezi. Akauliza, kwa Kiswahili kabisa, "Watu wetu wako wapi?"

Mimi nilikuwa na uongo wangu tayari. Treni za hapa hazikosi visingizio. "Treni leo..." nikaanza.

"Niliwazuia mimi," Stellah akasema. Akaeleza yote: chakula alichopeleka, alivyosimama nyuma ya ukumbi akasikiliza, alivyorudi nyumbani bila kumsalimu mtu, simu alizopiga. Hakujitetea.

"Mamma," Phiona akasema, "siku moja kabla hakuna mwimbaji anayetoa sauti yote. Tunaigusa tu, ili kesho yake iwepo. Wote tunafanya hivyo."

"Mimi sikujua."

Nilidhani sasa Phiona atawaka, na angekuwa na haki, maana miezi yote ile ya kunong'ona alikuwa anaingoja siku ambayo watu wale wangemsikia.

"Nilipotoka nikaona viti vitupu, nilidhani wamenikatia tamaa," akasema. "Nusura nirudi nyuma." Kisha akamtazama mama yake. "Lakini wewe ulikuja. Ulikuwa na hakika sauti imekufa, ukavaa sare, ukakaa mbele kabisa. Ulikuja kufanya nini?"

Stellah akaanza kuchezea mkanda wa mkoba. Tangu nimwoe sijawahi kumwona mwanamke huyu akiona haya, ila siku ile.

"Ningepokea," akasema. "Kwetu mtu akikwama katikati ya wimbo, si watu wanapokea? Ungekwama tu, ningesimama. Ule wa kwanza nimekuwa nikiusikiliza kwenye simu, sauti yake nimeishika."

"Ni wa Kijerumani, mama."

"Ningeimba la la la. Usingesimama pale peke yako."

Phiona akaweka maua chini. Akapiga magoti na gauni lake lote, akalaza kichwa mapajani pa mama yake, akalia kwa sauti kubwa, hadi watu waliokuwa wakipita kwenye korido wakachungulia. Nikaenda kufunga mlango, nikabaki nimeuegemea, maana hata mimi nilikuwa sijiwezi.