Msaliti wa Benchi la Kijani

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, kwa wenye masikio na kwa waliosahau kuyasafisha: Jumapili ile, katika uwanja wa besiboli wa Norhaven, taifa liliuzwa kwa adui. Taifa lenyewe ni kijimji cha Minnesota chenye makanisa mawili na duka moja la matrekta. Aliyegundua usaliti huo alikuwa Verlyn Tvedt, fundi bomba mstaafu, ambaye saa ya ugunduzi alikuwa na haradali kidevuni.

Mjukuu wake, Colby, alikuwa mpigaji wa mkono wa kushoto, na kila alipopiga, mpira ulikimbilia kulia kama ng'ombe anayejua zizi lake. Msimu ule timu zote zilikuwa zimeshamjua. Akisimama tu na gongo, wadakaji wanahamia kulia wote, na kushoto anabaki mlinzi wa beisi ya tatu peke yake, mpweke kama mlinzi wa makaburi. Kocha alikuwa amechoka. Alisema Colby asipofika beisi hata mara moja leo, nafasi yake inakwenda kwa mwingine.

"Achokoze tu," alisema Verlyn. "Ategeshe gongo, mpira uguse, uanguke hapo kushoto ulale. Yeye huyoo, beisi ya kwanza!"

"Kuchokoza ni woga," alijibu Duane Pfeifer, jirani yake wa benchi la kijani tangu utotoni, akitema maganda ya alizeti. "Aungoje mpira, achelewe kidogo, aubamize kushoto. Mwanamume hapapasi mpira, Verlyn. Yule si paka."

"Wewe enzi zako ulipiga nini? Mbu."

"Mbu, lakini niliwapiga kwa nguvu."

Verlyn hakujali, kwa kuwa mambo alikuwa ameshayapanga na mjukuu wake asubuhi, wakila mayai ya kukaanga: Colby akigusa helmeti, anachokoza. Siri hiyo ilijulikana na watu wawili, mpaka Verlyn aliposhindwa kujizuia akamnong'oneza Duane.

Colby akaingia. Akagusa helmeti. Verlyn akavua kofia yake, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena, kama afanyavyo kila shabiki wa kwao anapoomba bahati. Mpira haujamfikia mpigaji, mlinzi wa beisi ya tatu wa timu ya wageni, Stark Mills, jitu lenye ndevu nyekundu, alikuwa tayari anakuja mbio. Akauokota, akaurusha, Colby akatolewa.

Verlyn akairudisha kofia sawasawa, akasema ni bahati mbaya.

Zamu ya pili ikawa vilevile: helmeti, kofia, ndevu mbio, Colby nje. Hapo Verlyn akageuza shingo polepole akamtazama Duane. Duane alikuwa anakuna sikio. Kwa nini sikio? Na kwa nini la kushoto? Tena, mke wa Duane si alizaliwa Stark Mills? Ndoa ile ndefu, yenye watoto na wajukuu, ghafla ilianza kunuka mpango.

"Sikio linakuwasha?" aliuliza Verlyn.

"Mbu."

"Mbu wa wapi?"

"Bwana wee, umekunywa bia ngapi?"

Zamu ya Colby ya mwisho ilipokaribia, Verlyn akatega mtego. "Duane, niletee soseji."

"Umeshakula mbili!"

"Nina njaa ya majonzi."

Duane akaenda akinung'unika. Verlyn akamsindikiza kwa macho hadi kwenye foleni, akahakikisha ameupa uwanja mgongo.

Colby akagusa helmeti. Verlyn akageuza kofia. Ndevu zikaja mbio! Mpira ukaviringika nje ya mstari, haukuhesabiwa, Colby akarudi kupiga tena. Verlyn alibaki mdomo wazi. Kule kwenye foleni Duane alikuwa anagombania vitunguu, hajageuka hata kidogo.

Basi nani?

Mlinzi yule alirudi mahali pake taratibu, akainua uso kulitazama benchi la kijani. Hakumtafuta Duane. Kama dereva anayesubiri taa ibadilike, alikitazama kichwa cha Verlyn, ambako bitana nyeupe ya kofia iling'aa juani.

Verlyn akairudisha kofia sawasawa upesi.

Colby akasimama tena na gongo. Safari hii hakugusa helmeti. Verlyn akatazama huku, akatazama kule, kisha akaigeuza kofia.

Ndevu zikatoka mbio. Colby akaungoja mpira, akachelewa kidogo, akaubamiza. Ukapita begani kwa jitu lile, ukaenda zake kushoto ambako hapakuwa hata na panzi. Colby akasimama beisi ya pili akipiga makofi, na kocha akamnyooshea kidole gumba.

"Nilisema!" Duane alikuwa nyuma, soseji mkononi. "Nilisema achelewe!"

"Ulisema," alikubali Verlyn, kwa unyenyekevu ambao haukuwa wake hata kidogo.

Duane akaketi polepole. "Verlyn. Mtoto hakugusa helmeti. Wewe kofia umeigeuzia nini?"

"Bahati tu, ndugu yangu."

"Mzee wa kofia!" jitu lilinguruma kutoka uwanjani. "Mara tatu mkweli, sasa umenidanganya!"

Benchi zima likageuka. Verlyn akavua kofia, akailaza magotini.

"Ni mimi," alisema. "Nimewauzia siri kwa kichwa changu mwenyewe, bila kujua. Na nilidhani ni wewe. Hata mkeo nilimshuku."

"Mke wangu?"

"Kidogo tu. Na sikio lako pia."

Duane akaitazama ile soseji, akaila yote mwenyewe.